Uzoefu wangu na albamu ya "Exit" ya Tangerine Dream

Nimeisikiliza albamu hii kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuthubutu kuiandikia, kwa sababu mara ya kwanza haikuniingia. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, na masikio yangu yamelelewa na muziki ambao mwimbaji hutangulia, vyombo vikamfuata. Katika "Exit" hakuna wa kufuatwa. Karibu kila kitu ni sinthesaiza, yaani vyombo vya kielektroniki vinavyounda sauti, na zinadai msikilizaji atulie.

Tangerine Dream, kundi la Kijerumani la muziki wa kielektroniki, ilianzishwa na Edgar Froese huko Berlin Magharibi mwaka 1967, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa vibao virefu vilivyojaza upande mzima wa santuri. Hata "Tangram" ya mwaka 1980 ina vibao viwili tu. Mwaka uliofuata, katika "Exit", Froese, Christopher Franke na Johannes Schmoelling walitoa vibao sita ambavyo kwa jumla havifiki dakika 40. Wapo wapenzi wa kundi hili wanaousikitikia ufupi huo, lakini mimi naona umewalazimisha kuchagua, kwani kila sauti iliyobaki ina kazi yake.

Kibao cha kwanza, "Kiew Mission", ndicho kilichonifunga. Juu ya besi inayotembea kwa hatua sawasawa, mwanamke anataja kwa Kirusi majina ya mabara ya dunia. Sikijui Kirusi, lakini nilipoisikia "Afrika" ikipita katikati ya mashine zile nilisimamisha muziki nikarudi nyuma kuhakikisha. Ukikumbuka kwamba waliokirekodi walitoka katika mji uliogawanywa kwa ukuta, wakati wa Vita Baridi, utaelewa kwa nini orodha fupi ya mabara inasikika kama dua.

Santuri yangu niliinunua ikiwa imetumika, na muuzaji alinihakikishia kuwa haina mkwaruzo. Haikuwa kweli. Karibu na mwisho wa upande wa pili, katika "Remote Viewing", sindano ilinasa, na kwa kuwa muziki huu wenyewe umejengwa kwa marudio, ilipita karibu nusu dakika kabla sijagundua. Nilikasirika, lakini hapo ndipo nilipoielewa kazi ya sikwensa, yaani kifaa kinachorudia noti zilizopangwa bila kuchoka. Mkwaruzo ulirudia sauti ile ile, mfu. Nilipoisogeza sindano mbele, noti zilikuwa zile zile, lakini mkono wa mtu ulikuwa ukifungua na kufunga chujio la sauti taratibu, besi ikang'aa, ikafifia, kisha ikarudi ikiwa na rangi nyingine. Tangu siku hiyo siwezi kukubaliana na anayesema kwamba muziki wa aina hii hupigwa na mashine peke yake.

Si kila kitu kimenifurahisha. "Network 23" ina mdundo wa haraka ambao ngoma zake ni kavu mno, na ndicho kibao kinachoonyesha umri wake waziwazi. "Choronzon" ina kasi na kiitikio kinachoshika upesi, ila sikirudii mara kwa mara. "Pilots of Purple Twilight" kinapendeza, na kibao kilichoipa albamu jina lake kina huzuni ya polepole inayofaa usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Sasa natumia nakala ya dijitali kwa hedifoni zinazoshika besi vizuri. Nilijaribu pia kwa spika ya simu, na nusu ya muziki ilipotea, hasa zile sauti za chini zinazobeba "Kiew Mission". Kwa anayeanza, namshauri atenge dakika tisa na ushei za kibao hicho bila kufanya kazi nyingine, kisha aende moja kwa moja kwenye "Remote Viewing" na aifuate besi peke yake mpaka izimike.