Violini moja au okestra nzima ya nyuzi, ipi inagusa zaidi?

Kwa kuwakumbuka waliokufa mi nachagua violini moja bila kusita. Msikilize mpiga violini Itzhak Perlman kwenye muziki wa filamu ya Schindler's List ya 1993, aliotunga John Williams, ule uzi unatetemeka kama sauti ya mtu anayejikaza asilie, na unajikuta unamuwaza mtu mmoja tu, jina lake, sura yake, hata alivyokuwa anacheka. Adagio for Strings, kipande cha okestra ya nyuzi cha Samuel Barber, okestra iliipiga mara ya kwanza 1938, nayo inauma sana jamani, inapanda polepole mpaka juu kabisa halafu kimya, ila pale unalia na umati. Msiba wa taifa zima, sawa. Usiku uko peke yako na picha ya marehemu, weka violini.