Shoki za Impreza, Levin na Celica za zamani: zipi ununue ukiwa Nakuru au Kisumu

Mwenye Subaru Impreza ya mwaka 1998 au Toyota Levin ya 1996 huku kwetu, akishamaliza habari ya oili na tairi, pesa zake huishia kwenye shoki. Toka Nakuru upite Salgaa, ukate kushoto pale Mau Summit, uteremke Kericho hadi Ahero na Kisumu: matuta utayahesabu uchoke. Ukiacha lami kidogo tu upande wa Elementaita, vumbi ni lile la volkeno, laini kama unga. Magari haya yaliundwa kwa ajili ya lami ya Japan. Hapa shoki zake zinauawa na vitu viwili, kishindo cha tuta na vumbi linalokwaruza sili (raba inayozuia oili) mpaka oili itoke. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia hayo mawili kwanza, bei baadaye, na sura ya gari mwisho kabisa.

Kutunza yaliyopo ni lazima, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Impreza yenye namba ya chesisi inayoanza na GC8, na Levin ya AE111, ziliacha kuundwa mwaka 2000. Zilizoko barabarani ndizo hizo, hakuna nyingine inayokuja na meli.

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni shoki

Watu wengi hununua shoki nne wakati kilichokufa ni raba ya bei ndogo. Kelele ya ko-ko-ko ukipita tuta polepole mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, bushi (raba za viungo) za kontroli-amu, yaani mkono wa chini wa gurudumu, au mauntingi ya juu, kile kikalio kinachoshika shoki kwenye bodi. Mwombe mtu akae ndani azungushe usukani gari likiwa limesimama, wewe weka kiganja juu ya springi ya mbele. Ukiisikia inajikaza halafu inaruka ghafla, beringi ya mauntingi imekwama, na shoki haina hatia.

Shoki iliyokufa kweli ina dalili zake. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu uiachie: ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, kazi imeisha. Pitisha kiganja kwenye tairi: ukikuta mabonde na vilima badala ya uso laini, gurudumu limekuwa likirukaruka. Halafu angalia oili. Unyevu mwembamba karibu na sili ni kawaida. Mtiririko uliofika chini na kushika tope si kawaida.

Wenye Impreza STI ya GDB, someni hapa mara mbili. Shoki zao za mbele zimepinduliwa: mwili wa shoki wenyewe uko juu na unateleza ndani ya ala ya chuma. Grisi ya humo ndani ikikauka, shoki inagonga kwenye matuta kana kwamba imevunjika, ilhali nguvu yake bado ipo. Inafunguliwa, inasafishwa, inapakwa grisi mpya, kelele inaisha. Nimeona shoki za aina hiyo zikiuzwa kama chuma chakavu na mwenyewe akafunga vitu hafifu mara kumi kuliko alivyotupa.

Nafasi ya kwanza: mpya, za muundo wa kiwandani, kutoka kampuni ya Japan

Hizi hazina mbwembwe. KYB ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya spea, na ni miongoni mwa kampuni ambazo shoki zao zimekuwa zikifungwa viwandani katika Subaru na Toyota nyingi. Aina yao ya Excel-G, ile nyeusi, ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na gesi ya shinikizo dogo juu ya oili. Kwa matuta yetu muundo huo una faida ambayo watu hawaisemi: mrija wa nje ukibonyezwa na jiwe, pistoni ya ndani inaendelea na kazi yake. Shoki ya mrija mmoja, kama nyingi za Bilstein na KYB ya Gas-a-Just, inapoza oili vizuri zaidi ukiendesha kwa kasi muda mrefu, lakini mwili wake ukipata bonde pistoni inakwama. Ukiishi mjini na ukapita lami tu, chukua ya mrija mmoja kama mfuko unaruhusu. Wa Kabarak, Mumias au Bondo, baki na ya mirija miwili.

Usiagize kwa kusema "Subaru ya 2000". Fungua boneti, soma kibati, mpe muuzaji namba ya chesisi: GC8, GDA, GDB, SF5, SG5. Ya kushoto na ya kulia hazibadilishani, na za steshenwagoni za nyuma si zile za saluni. Wenye Levin ya BZ-R na Celica kadhaa za miaka ya tisini, ikiwemo GT-Four ya ST205, angalieni kama gari lina Super Strut. Huo ni muundo wa Toyota wenye mkono wa ziada unaodhibiti mlalo wa gurudumu, na shoki yake haibadilishwi na ya kawaida. Zinazofaa ni adimu, na bei yake ni ya kukufanya ukae chini kwanza.

Pesa ikitosha shoki mbili tu, nunua mbili za ekseli moja, kamwe usinunue moja. Na katika ununuzi huohuo weka mauntingi za juu, raba za kizuizi zinazokaa kwenye rodi (ile fimbo ya chuma inayotoka ndani ya shoki), na vifuniko vya vumbi. Fundi atakwambia vile vya zamani bado vina maisha. Vitazame mwenyewe: kifuniko kikiwa na mpasuko wa urefu wa kidole, vumbi litakaa kwenye rodi mpya kuanzia siku ya kwanza, na kila tuta litalisukuma kwenye sili. Mimi afadhali ninunue shoki mbili zenye vifuniko vipya kuliko nne zilizo uchi.

Ya pili: shoki za Forester kwenye Impreza

Kwa wanaoishi barabara za murramu, Kakamega na Vihiga kwa mfano, kwangu hii ingeshika nafasi ya kwanza kama isingekuwa ya Subaru peke yake. Shoki na springi za Forester ya SF au SG huingia kwenye Impreza za GC na GD, na gari huinuka sentimita kadhaa kwa spea za kiwandani, bila kuchomelea chochote. Nunua seti nzima, springi na mauntingi zake pamoja, kwa sababu kuchanganya springi ya gari moja na shoki ya lingine huleta gari linalodundadunda.

Jihadhari na jambo moja. Forester nyingi, hasa za turbo, zilikuja na shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Hizo zikizeeka gari linalala nyuma, na ukiweka shoki za kawaida mahali pake lazima springi nazo zibadilishwe, kwani za awali zilikuwa laini, zikitegemea shoki kubeba sehemu ya uzito. Ukinunua seti iliyotolewa kwenye Forester, uliza ni za aina gani kabla ya kutoa pesa.

Kuna vijana watakaokucheka kwa kuinua gari la mbio. Waambie Impreza aliyoshinda nayo dereva Colin McRae Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa imeinuliwa, pamoja na ile ya Richard Burns ya mwaka 2000. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, hapa hapa kaunti yetu, haikuwa ya magari yanayolamba ardhi.

Ya tatu: kukarabati za zamani

Inafaa kwa shoki zisizopatikana mpya: za Super Strut, za STI zilizopinduliwa, Bilstein za Mitsubishi Evo VIII MR na IX. Fundi wa kweli anafungua shoki, anabadilisha sili na oili ya uzito uliopangwa, anakagua rodi, kisha anajaza nitrojeni kwa mtungi wenye geji. Kama hana mtungi huo, ondoka.

Ninasema hivyo kwa sababu wapo wanaotoboa shoki kwa drili, wakamwaga oili ya giaboksi, wakachomelea tundu. Oili hiyo ni nzito mno, moto wa kuchomelea unaua sili, na gesi haipo tena. Gari litaonekana gumu kwa wiki chache, mteja atasifu, halafu oili yote itakuwa chini. Kwa shoki ya mrija mmoja mchezo huo ni wa hatari hasa, maana nitrojeni yake hukaa kwenye shinikizo la takriban bar 20 hadi 30. Kuitoboa bila kuitoa gesi ni kucheza na macho yako.

Ya nne: mitumba kutoka Japan

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanzia, na sitajifanya hazifai. Zinatolewa kwenye magari yaliyokatwa huko, na ukipata seti nzuri ya Impreza WRX utaendesha kwa raha. Lakini ni bahati nasibu, na mwenye duka anaijua kuliko wewe.

"Bosi, hii ni ex-Japan, haijatembea."

Shoki iliyotolewa kwenye gari lililotembea imetembea. Isimamishe wima, rodi ikiwa juu, uikandamize polepole mpaka mwisho mara tatu au nne, kwa sababu ikilazwa rafuni hewa huingia penye oili na itaonekana imekufa ilhali ni nzima. Baada ya hapo ukinzani uwe sawa njia nzima. Ukipata sehemu ya katikati ambapo mkono unatumbukia, irudishe. Nyingi zenye gesi zitajipandisha zenyewe, ingawa hiyo peke yake haithibitishi uzima. Halafu inua kifuniko cha vumbi, pitisha ukucha kwenye rodi. Mikoa ya kaskazini ya Japan humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula kromu. Ukucha ukikwama kwenye kitundu hata kidogo, sili itachanika kabla hujafika Kisumu. Kagua pia kikalio cha springi: kikiwa kimeliwa na kutu, siku moja kitakatika na springi itagusa tairi.

Muuzaji akikataa uishike na kuikandamiza, basi.

Ya tano: koilova

Koilova ni shoki iliyovishwa springi yake, yenye nyuzi kama za skrubu za kurekebisha urefu wa gari. Za Tein, BC Racing na wenzao ni vitu vya ustadi, kwa gari la mashindano ya lami. Kwa gari la kuendea kazini kati ya Nakuru na Njoro, ni gharama juu ya gharama. Nyuzi za kurekebisha urefu zinashika vumbi na tope mpaka zigande. Mauntingi zake nyingi hazina raba, zina kiungo cha chuma mtupu, nacho kikiingia mchanga kinaanza kupiga kelele mapema. Na kwa kuwa urefu unarekebishika, mwenyewe huteremsha gari, shoki ikabaki na nafasi ndogo ya kufanyia kazi, na tuta la kwanza linaipeleka hadi kwenye kizuizi. Ukishazinunua, zioshe na kupaka grisi nyuzi kila unapofanya savisi, na uliza kabla kama sili za kukarabatia zinapatikana.

Ya sita: mpya zisizojulikana zilikotoka

Boksi linang'aa, jina halijawahi kusikika, bei ni ya kuvutia. Zipite. Bandia za majina makubwa ziko kundi hili hili. Jina linalouzika ndilo linaloigwa. Linganisha namba iliyogongwa kwenye shoki na iliyoko kwenye boksi, na ununue kwa mwenye duka anayeandika namba hiyo kwenye risiti.

Speza nazo sizihesabu kama shoki. Kipande cha chuma au alumini juu ya mauntingi huinua gari bila kuiponya shoki iliyochoka, na kikiwa kirefu shafti zinapinda pembe kali hadi buti zake, yaani vifuniko vyake vya raba, zinapasuka. Zile raba za kubana kati ya mizunguko ya springi ni mbaya zaidi, maana zinaizuia springi isifanye kazi pale zilipo na kuielemea kwingine.

Siku ya kufunga

Kwenye Subaru, boliti ya juu kati ya shoki ya mbele na gurudumu ina kichwa cha kuzunguka kinachopanga mlalo wa gurudumu. Fundi aichore alama kwa chaki kabla ya kuilegeza. Springi ibanwe kwa klampu mbili zilizo nzima, nati ya katikati isiguswe kabla ya hapo; springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Breki isiachwe ining'inie kwa mpira wake, ifungwe kwa waya. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa chini limesimama kwa magurudumu, kwa sababu ukizikaza likiwa juu ya jeki, raba inakaa imejipinda daima na kuchanika mapema.

Alaimenti ipimwe siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili za matuta, rudi akaze nati za juu, na kama gari linavuta upande mmoja, ipimwe tena kabla tairi hazijaliwa.