Kilo Mbili za Halua na Mashine Mbili za Ukaguzi

Mwezi uliopita nilitoka Lamu kwenda kumtembelea dada yangu ng'ambo, na mkoba wangu wa mkononi ukakaguliwa mara tatu, katika viwanja vitatu vya ndege. Ndani yake mlikuwa na kilo mbili za halua katika makasha mawili ya plastiki, kichupa cha mafuta ya nazi, kompyuta ya mapajani na betri ya kuchajia simu. Kwa kuwa vitu vilikuwa vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, nimeona ninaweza kuupima ukaguzi wenyewe bila ya kuuonea. Viwanja viwili vikubwa nilivyopitia sitavitaja majina. Cha kwanza bado kinatumia eksirei ya kawaida kwa mizigo ya mkononi. Cha pili kimeshaweka mashine za CT, zinazoupiga mzigo picha kutoka kila upande.

Sisi wa Lamu safari ya ndege tunaianzia baharini, kwani uwanja uko kisiwani Manda na hakuna njia ya kuufikia kutoka mjini isipokuwa kuvuka kwa chombo. Kwa hiyo abiria hawafiki mmoja mmoja. Boti ikifunga gatini hushuka watu kumi au zaidi kwa pamoja na mizigo yao, kisha hupita kimya, kisha huja boti nyingine. Siku ile mkaguzi alifunua kifuniko cha kasha la kwanza, harufu ya hiliki ikamjibu kabla yangu. "Shikamoo mama. Mzigo wa wageni huu?" "Marahaba mwanangu, ni wa dada yangu." Akafunika, akaniombea safari njema. Sina la kulalamikia hapo, ila nakiri kwamba huo ulikuwa ujuzi wa mtu anayeijua halua, na ujuzi huo hausafiri na mkoba.

Katika uwanja wa kwanza mkubwa halua ilikutana na mtu asiyeijua. Eksirei ya kawaida ya mizigo humwonyesha mkaguzi picha bapa ambamo vitu vimelaliana, na rangi yake hutokana na namna kila kitu kinavyopokea miali yenye nguvu mbili tofauti: vitu vya asili ya uhai, kama vyakula, nguo, karatasi na plastiki, huonekana vya rangi ya chungwa; vyuma huonekana vya buluu; na vilivyo katikati huonekana vya kijani. Balaa ni kwamba vilipuzi vingi navyo huangukia kwenye chungwa. Halua yetu, ambayo ni sukari, wanga na samli iliyosongwa mpaka ikashikana, huonekana kama tofali zito la chungwa lisilo na mwanya ndani yake, na juu ya tofali hilo zilikuwa zimelala nyaya za chaja yangu. Hata mimi ningeusimamisha mkanda.

Aliusimamisha, akaurudisha nyuma, akauleta mbele, kisha akamwita mwenzake. Nilitolewa pembeni, makasha yakapanguswa kwa kitambaa kidogo ambacho huingizwa katika chombo kinachotambua chembechembe za vilipuzi, nikaulizwa mara mbili kama mkoba niliufunga mwenyewe. Sikukerwa na maswali, kwani ni haki yao kuuliza. Kilichonikera ni kwamba mkanda ulikuwa mmoja, na kila ulipotia shaka mkoba mmoja, watu wote waliokuwa nyuma walisimama, wengine wakiwa soksi tupu huku viatu vyao vimekwama ndani ya mashine. Nilihesabu dakika kumi na nne za kunitazama kwa macho makali, na mbele ya macho hayo nilitamani halua ningeiacha nyumbani, mtaani Mkomani.

Uwanja wa pili ulikuwa na mashine za CT, na hapa naomba nikae kidogo. Ni elimu ileile ya hospitalini: chanzo cha miali huzunguka mzigo, na kompyuta huziunganisha picha nyingi kuwa umbo kamili ambalo mkaguzi anaweza kuligeuza kwa kidole na kulikata vipande kwenye kioo. Waliotunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1979 kwa elimu hiyo walikuwa wawili, na mmoja wao, Allan Cormack, ni mzaliwa wa Johannesburg. Mizigo inayopakizwa tumboni mwa ndege ilianza kupimwa hivyo tangu miaka ya 1990; kuhamia kwenye mikoba ya mkononi ndiko kugeni kwetu. Faida niliyoiona mara moja ni kwamba kompyuta haikutolewa mkobani, wala kichupa cha mafuta. Trei ni pana, na abiria wanne hupakia kwa wakati mmoja, kila mmoja penye nafasi yake, hivyo aliyechelewa kuvua mkanda wa suruali hamzuii aliye tayari.

Nilitarajia kwamba mashine ya kisasa hivyo ingeitambua halua. Haikuitambua. CT hupima uzito wa kitu kwa kadiri ya ukubwa wake, na kwa kipimo hicho halua inakaribiana na vilipuzi ambavyo mashine inavitafuta, kama inavyosemwa pia kuhusu jibini na chokoleti. Trei yangu ilisukumwa kwenye mkanda wa pembeni, na kwenye kioo cha mkaguzi nikaona makasha yangu mawili yamezungushiwa mraba mwekundu. Alikwishajua shaka iko wapi, kwa hiyo hakuupekua mkoba mzima. Alitoa makasha, akayapangusa, akayarudisha. Dakika tatu. Nyuma yangu trei za wengine ziliendelea kupita, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Kwa maoni yangu, mkanda ule wa pembeni, ambao hauna hata miali, ndio uliostahili kulipiwa kuliko kitu kingine chochote pale.

Kasoro ipo, tena kubwa. Meza ya kuchukulia mizigo ni fupi, na watu husimama hapohapo kufunga viatu, kuvaa saa na kusoma ujumbe wa simu. Trei tupu zinarudi zenyewe chini ya meza, lakini zilizojaa hazina pa kwenda, na mara mbili mashine ilisimama kwa sababu hiyo tu. Aliyeinunua aliyafikiria macho yake, akasahau miguu yetu.

Kuhusu upekuzi wa mwili nitasema machache. Bangili zangu hazitoki bila sabuni, na lango la vyuma la uwanja wa kwanza lilipiga kelele kama ilivyotarajiwa. Nilipelekwa chumbani na askari wa kike, kwa adabu. Katika uwanja wa pili niliingia kwenye kibanda kinachoonyesha umbo la mtu lililochorwa tu, lenye alama mahali penye shaka, nikaguswa mkononi na kwenye pini ya mtandio, basi.

Msafiri asidanganyike na habari za vimiminika. Kanuni ya mililita 100 ilitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, na CT ndizo zilizoanza kuilegeza: uwanja wa London City uliruhusu chupa za hadi lita mbili mwezi wa Aprili 2023. Lakini Umoja wa Ulaya uliirudisha kwa muda mililita 100 tarehe 1 Septemba 2024 hata kwa viwanja vyenye mashine hizo. Chupa iliyoruhusiwa unakotoka inaweza kutupwa unakounganisha ndege. Mafuta ya nazi nayo yana vituko: Lamu ni maji, kwa dada yangu yameganda kama samli, na kwa mkaguzi ni kimiminika popote yalipo. Na pale wanapotaka kifuko cha plastiki kinachoona ndani, tukumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017. Mimi hutumia kibeti kigumu kinachofungwa kwa zipu, na hakijakataliwa.

Njia ya eksirei ya kawaida naipa alama mbili kwa tano, ya CT nne, na ingepata tano kama meza ingerefushwa. Safari ijayo halua itakaa juu kabisa ya mkoba, mbali na nyaya, na achari ya maembe niliyoiacha nyumbani itakwenda na mzigo wa kupakizwa, ikiwa kilo 15 za ndege ndogo zitatosha.