Seramu za makunyanzi: ipi ununue Kigoma, ipi uiache dukani

Mwezi uliopita mama mdogo alinitumia picha ya kichupa cha seramu alichonunua Mwanga, hapa Kigoma. Boksi linasema: kolajeni (protini inayoishikilia ngozi isilegee), utarudi miaka 10 nyuma kwa siku 7. Pesa alikuwa keshatoa. Iliniuma, ndiyo maana naandika.

Kabla ya seramu yoyote, yaani kimiminika chepesi cha kupaka usoni, nunua losheni ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Makunyanzi na madoa mengi ya usoni huletwa na jua, na sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunapigwa la juu na lile linalorudi kutoka majini. Hela ikitosha kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Kwenye seramu zenyewe, ya kwanza ni retinoli. Ni jamii ya vitamini A, na kati ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi: inaichochea ngozi itengeneze kolajeni yake yenyewe. Anza na asilimia 0.2 au 0.3, usiku, mara mbili kwa wiki. Mwanzoni ngozi itakauka, pengine itabanduka. Ipe wiki 12 ndipo uhukumu. Mjamzito asiipake, na anayetafuta mimba vilevile.

Ya pili niasinamidi, aina ya vitamini B3, asilimia 4 au 5. Ngozi nyeusi huonyesha madoa mapema kuliko mikunjo, na hii huyafifisha taratibu bila kuchoma. Joto letu nalo inalistahimili. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha aanze na hii, retinoli aiache kwanza.

Vitamini C ni nzuri, ila naiweka ya tatu kwa sababu ya safari. Ile ya asidi ya askobiki huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Fikiria siku ilizokaa kwenye mzigo, kisha kwenye kabati la kioo linaloangalia jua. Chukua chupa nyeusi, asilimia 10 hadi 20. Ikishageuka kahawia, usiilipie.

Asidi ya hayaluroniki huvuta maji tu: uso unajaa, kesho mikunjo ipo palepale. Kwa ukavu, mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, juu ya ngozi yenye unyevunyevu yatakusaidia kwa bei ndogo. Kolajeni ya kupaka ni ya mwisho kabisa. Chembe zake ni kubwa mno kupenya ngozi.

Geuza boksi. Viungo huanza na kilicho kingi, hivyo niasinamidi ikitajwa baada ya manukato, umeuziwa maji. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" haikuambii walipata nini.

Na inayong'arisha uso kwa siku chache, iogope. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, lakini bado vinapenya. Boksi lisilo na orodha ya viungo wala tarehe ya kuisha, mwachie muuzaji.

Kile kichupa cha mama mdogo nilikisoma chote: ni maji, gliserini na kolajeni. Nimemwambia apake mikononi kiishe. Mwisho wa mwezi tunaanza na losheni ya jua.