Nyota moja kwa ile "Mama, kwani hupigi mswaki?"

"Mama, kwani wewe hupigi mswaki?"

Hivyo ndivyo nilivyoulizwa, mlango wazi, watu wamejaa kwenye viti vya kusubiria, na mimi nimelazwa chali na kile kiplastiki cha kutanua midomo, siwezi kujibu hata kwa kuguna. Muulizaji ni msaidizi wa daktari, binti ambaye kwa umri naweza kumzaa. Wala hakunong'ona. Nje kuna mtoto alicheka, nilimsikia kwa masikio yangu. Kliniki hii ya meno naipa nyota moja, tena hiyo moja nakipa kiti, maana kiti kilikuwa kizuri.

Waya zangu za kunyoosha meno ni za aina gani na zitakaa muda gani, hayo sielezi. Kila kliniki imeyabandika ukutani.

Siku hiyo hata miadi sikuwa nayo. Waya wa nyuma kabisa ulikuwa umechomoza na kunichoma shavu kwa ndani. Nimeufunika kwa nta mpaka nta ikaisha, nimeusukuma kwa kifutio cha penseli kama tulivyoelekezwa, wapi! Kila nikicheka unachoma, kila nikila unachoma, mwisho nikawa naongea kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayeficha siri. Nikaenda wanikate huo waya, kazi ya dakika mbili. Nilikwenda kukatwa waya, nikakatwa maini.

Na kilichonikereketa ni kwamba mswaki napiga! Mara tatu kwa siku. Nasugua kwa nguvu zote, kulia kushoto, povu hadi kidevuni, na mswaki kwangu haumalizi mwezi kabla nywele zake hazijatawanyika kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa mdogo na ndivyo nilivyoendelea baada ya kuwekewa waya. Nani aliniambia vingine? Siku ya kufungwa waya nilikaa mdomo wazi hadi taya zikafa ganzi, nikainuka kichwa kinazunguka, nikapewa kimfuko: mswaki, kipande cha nta, na karatasi. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Vitu vya kutokula vimejaza ukurasa mzima, vigumu, vya kunata, vya kung'ata kwa meno ya mbele, hadi barafu na kutafuna kalamu. Kuhusu kusafisha kuna mstari mmoja: "Piga mswaki vizuri."

Vizuri! Hapo ndipo elimu yao ilipoanzia na ndipo ilipoishia.

Basi daktari akaja, pengine kwa kusikia kimya changu, maana kimya changu kina kelele. Yeye ni mpole, simlaumu kwa lolote (naam, nitamlaumu kwa hiyo karatasi, lakini baadaye). Akanipa kioo, akanionyesha fizi zilizovimba na kupanda juu ya breketi, vile vichuma vilivyogandishwa kwenye meno kushika waya, zinatoa damu zikiguswa tu. Kisha akagusa jino la chonge. Pembeni ya breketi palikuwa na alama nyeupe kama chokaa. Nikadhani ni gundi. Kumbe si gundi. Ukoga ukiganda pale, bakteria wake wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi inanyonya madini kwenye ganda la jino. Alama kama ile inaweza kuanza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu. Ikiwahiwa hufifia kidogo, lakini kuondoka kabisa hakuna anayeahidi.

Nilimeza mate. Yaani navumilia waya, navumilia vidonda, nalala na taya linalouma siku tatu nne kila nikikazwa waya, halafu siku ya kufunguliwa nitoke na meno yaliyonyooka yenye vimiraba vyeupe kila moja?

Binti akaniletea kidonge cha kuonyesha ukoga. "Tafuna, mama, kisha uteme." Nikatafuna. Ukoga mpya unageuka waridi, ule wa siku nyingi unageuka zambarau. Kwenye kioo nikaona mdomo mzima ni zambarau. Chini ya waya zambarau, kandokando ya fizi zambarau, kila breketi imezungushiwa pete yake. Sehemu pekee safi ilikuwa uso wa breketi zenyewe, maana hizo ndizo nilizokuwa nasugua mara tatu kwa siku kwa bidii ya mchana na usiku. Nilikuwa nasafisha chuma. Meno sikuyagusa.

Kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki? Nasema hivi: jibu lilikuwa hapana, mama hapigi mswaki. Lakini swali halikuwa la haki. Mtu anaweza kusema kweli na bado akastahili kofi. Nyota moja inabaki.

Ila tatizo ni kwamba yule binti, mkali kama pilipili, anajua kufundisha. Alinishika mkono kwa mkono. Mswaki laini, uuinamishe nusu pembe mraba, kwanza kati ya fizi na breketi, kisha uugeuze upige kutoka chini ya waya kuelekea juu, ndipo mwisho uje juu ya breketi yenyewe. Vimiduara vidogo, sio kusugua sakafu. Halafu kale kaburashi kembamba kama kamti ka kibiriti kenye nywele, kapitishwe chini ya waya, breketi hadi breketi. Uzi wa meno nao una kisindano chake cha plastiki cha kuuvusha nyuma ya waya, kwa sababu ukiwa na waya uzi haushuki kwa juu kama zamani. Dawa yenye floridi, ukimaliza tema, usisukutue na maji, floridi ibaki ifanye kazi. Hili la mwisho lilinishangaza, maana mimi nilikuwa nasukutua hadi ladha iishe. Akanisimamia nikafanya mwenyewe. Nilipokosea alisema, "Rudia." Nikarudia. Alisema "rudia" mara nyingi kiasi kwamba nilisahau kumchukia.

Usiku wa kwanza nyumbani nilitumia robo saa na ushee, uzi niliutupa mara mbili kwa hasira, mara ya tatu nikauokota. Damu ilitoka, nikaogopa, lakini nilikuwa nimeshaambiwa damu si sababu ya kuacha. Baada ya wiki kama mbili hivi fizi zikanywea na damu ikakata. Siku hizi namaliza kwa dakika saba na naona raha isiyoelezeka nikipitisha ulimi na kukuta kumeteleza.

Miadi iliyofuata binti alinikagua, akakaa kimya, kisha akasema, "Umejitahidi, mama." Nisikilizeni: nilifurahi kama mtoto aliyeitwa mbele darasani. Nikasema moyoni nikifika nyumbani nabadilisha tathmini, nyota nne, pengine tano. Ile alama nyeupe bado ipo, lakini haijaongezeka wala haijapata mwenzake.

Sasa natoka pale na nyota zangu nne mkononi, nakuta kwenye viti vya nje kuna kijana amefungwa waya asubuhi hiyo hiyo, midomo imemvimba, anaigusa kwa vidole, na mama yake yuko pembeni. Mkononi ana kimfuko. Nikamwomba nikione. Mswaki, nta, karatasi. Ile ile! Mstari ule ule: "Piga mswaki vizuri." Yaani wanajua kufundisha, wana vidonge, wana binti anayeshika watu mikono, na hayo yote wameyaweka akiba mpaka meno yako yapate doa ndipo wakutoe nishai mbele za watu kwanza. Dakika kumi za siku ya kwanza zingeliokoa chonge langu.

Nyota mbili. Moja ya binti, moja ya kiti, na sijutii.

Nilikaa karibu na yule kijana, nikatoa kaburashi kangu kwenye mkoba, jipya, bado kwenye kifuniko chake, nikamwonyesha hewani: chini ya waya, hivi, breketi hadi breketi. Wa mapokezi akaniangalia kwa jicho la pembe. Mama wa kijana akaniuliza kwa adabu kama mimi ni muuguzi wa hapo. Nikafungua mdomo wangu wote nikamwonyesha waya, na lile doa.