Uzoefu wangu: mfumo wa duka uliojengwa kwa wiki mbili mbili

Nauza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, upande wa Temeke: saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Mfumo wa kompyuta ninaotumia dukani sasa ni wa pili. Wa kwanza ulinila milioni tatu, na kabla sijawasifu hawa wa pili inabidi nieleze ulivyokufa.

Wale wa kwanza walikuja na tai. Wakakaa ofisini kwangu saa mbili, wakauliza maswali, wakarudi na kabrasha la kurasa 40 nililolisaini bila kulimaliza. Milioni sita, nusu mbele. Miezi mitano kimya, nikipiga simu naambiwa, "Tunaendelea vizuri, mama." Walipouleta ulipendeza kwelikweli, una grafu na picha za bidhaa. Asubuhi ya kwanza mteja akataka misumari kilo moja na nusu. Mfumo ukagoma. Niliwaambia nanunua kwa katoni, wakaandika katoni. Nauzaje hawakuuliza, nami sikusema. Kuomba marekebisho, naonyeshwa ukurasa wa 17 na sahihi yangu: badiliko lolote ni malipo mapya. Nusu iliyobaki sikulipa, wao msimbo, yale maandishi yanayoendesha programu, hawakunipa. Tukaachana hivyo.

Mtoto wa dada yangu, anasoma kompyuta, alicheka. Akaniambia utaratibu huo wa kuandika kila kitu, kisha kujenga, kisha kukabidhi mwishoni, wenyewe wanauita maporomoko. Mtaalamu wa programu, Winston Royce, aliuchora kwenye makala yake ya mwaka 1970, na humo humo akaandika kuwa kuufuata hivyo ni hatari. Watu wakabeba mchoro, onyo wakaliacha.

Hawa wa pili ni vijana wawili tu, hata ofisi ya maana hawana. Kabla ya kutaja bei mmoja akaomba akae kaunta siku mbili. Nilidhani masihara. Akageuza ndoo ya rangi, akakalia, daftari mapajani. Jioni ya siku ya pili akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza: fundi akikatiwa nondo nusu, nusu inayobaki inaandikwa wapi? Ilikuwa haiandikwi popote. Inasimama ukutani mpaka mtu aikumbuke.

Makubaliano yakawa laki tisa kila wiki mbili, na kila wiki mbili lazima pawe na kitu kipya kinachofanya kazi dukani. Nisipokiona, nasimamisha. Msimbo unakaa kwenye akaunti yangu tangu siku ya kwanza.

Kipande cha kwanza sura hakikuwa nayo: skrini nyeupe, bidhaa kumi zinazotoka sana, basi. Lakini misumari iliuzwa kwa kilo na katoni ikapungua yenyewe.

Cha pili kilikuwa madeni, na hapo ndipo pesa yangu inapolala. Fundi anachukua mzigo, anayelipa ni mwenye nyumba, naye analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, pengine kutoka namba ya mkewe. Mfumo ukawa unataka jina la mlipaji lifanane na la mdaiwa. Dada wa kaunta akaujaribu siku moja. Ya pili akarudi kwenye daftari lake bila kusema neno. Kijana alipopita Ijumaa akaliona limefunguliwa. Hakumgombeza. "Dada, hapa panakusumbua wapi?" Wakakaa pamoja mpaka karibu tunafunga. Wiki iliyofuata deni likawa linabeba jina la fundi na la saiti, na malipo yanaingia kutoka namba yoyote. Daftari sasa liko droo ya chini. Sijalitupa, umeme wetu mnaujua.

Kila Jumatatu ya kupanga wananipa kadi za kazi zilizobaki, nichague tatu za kutangulia. Ile ripoti ya grafu niliyoililia mwanzoni haijawahi kuingia kwenye tatu, mpaka nikaichana kadi yake mwenyewe.

Malalamiko ninayo. Bei ya mwisho huijui unapoanza: vipande sita vimefika milioni 5.4, karibu sawasawa na wale wenye tai. Muda wako nao wanaula, maana kikao chao cha Jumatatu asubuhi ndiyo saa ninayoshusha saruji. Na usiku mmoja walipandisha toleo jipya bila kuniambia. Asubuhi bei ya bati geji 28 ikawa ya geji 30, na tuliuza bati saba kwa hasara kabla hatujashtuka. Walikiri, wakarudisha toleo la jana kwa dakika kama kumi, na bati zile wakanikata kwenye ankara yao. Siku hizi hawapandishi kitu bila dada wa kaunta kukijaribu kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Mfumo haujaungana nayo, kwa hiyo mauzo tunayaandika kwenye kompyuta, halafu risiti ya TRA, watu wa mapato, tunaipiga pembeni. Foleni ikiwa ndefu moja husahaulika, na jioni hesabu hazikutani. Wanasema itakuja kipande cha saba. Tulipokuwa cha tatu walisema cha nne.

Nawapa nyota nne. Ukiwaita, uwe na ndoo tupu.