Tahadhari: jamaa anayeuza "linki 500" za kukupandisha Google

Wakuu, nimepigwa shilingi 450,000, na kwa kuwa jamaa bado yuko mjini anasaka wateja, acha niwashtue.

Nina karakana ya makochi Keko na katovuti ka kuonyesha kazi zetu. Kijana alinifuata WhatsApp, maneno matamu, kila sentensi "bosi". Akasema sionekani Google kwa sababu sina linki, yaani hakuna tovuti nyingine zinazoelekeza watu kwangu. Hapo hakudanganya. Google yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa wazo hilo: tovuti ikiwekewa linki na wenzake wanaoaminika, inahesabika kama imedhaminiwa. Uongo ulianzia kwenye ofa: linki 500 ndani ya wiki mbili, ukurasa wa kwanza ni uhakika.

Nikatuma nusu, na ya kutolea juu. Siku ya tisa akaleta skrinshoti, karakana yangu namba moja! Nikamalizia nusu ya pili palepale, sijui haraka ilikuwa ya nini. Jioni namwonyesha fundi wangu, akaivuta ile picha kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mzee, mbona hapa juu ameandika jina letu?" Kweli bwana. Kwenye kisanduku cha kutafutia alikuwa ameandika jina la karakana, herufi kwa herufi. Sasa ukiandika jina langu atokee nani, muuza samaki wa Feri? Mteja anayenitafuta hanijui, anaandika "makochi Dar es Salaam", na kwa maneno hayo nilipekua mpaka ukurasa wa sita sijajiona.

Ndipo nikafungua Search Console, ni ya bure na inatoka Google wenyewe, ina sehemu inayoonyesha tovuti zilizokuwekea linki. Aibu tupu. Kamari, dawa za nguvu za kiume, blogu zilizokufa. Moja nilifungua: aya ndefu ya Kiindonesia kuhusu mashine za kasino, na katikati yake, bila salamu, "makochi bora Keko". Nani atabofya hapo?

Ripoti yake ilijaa "DA 70, DA 65". Nilitishika kweli. Kumbe DA (Domain Authority) ni alama ya kukadiria nguvu ya tovuti inayotolewa na kampuni ya Moz, Google hawaitumii kupanga matokeo. Halafu kununua linki ili upande ni kosa kwa sheria za Google. Tangazo la kulipia linaruhusiwa, ila linki yake iwekwe alama ya "sponsored" au "nofollow", na ikishawekwa alama haikupandishi. Nilichouziwa hakina pa kusimama kokote.

Nilipodai hela yangu, kwanza Google wanachelewa, mara mtandao unasumbua, mwisho akatishia: nikiendelea kumsumbua atanimwagia linki chafu 10,000 nipotee kabisa. Mkitishiwa hivyo msitume hata mia. Tangu mwaka 2016 mfumo wa Google unaoitwa Penguin hupuuza linki za ovyo badala ya kuishusha tovuti nzima. Adhabu ya kuwekwa na mfanyakazi wa Google ipo, lakini ikikupata utaiona humohumo Search Console. Mimi niliangalia, hakuna. Laki nne na nusu tu ndizo zilizopotea, sawa na mbao za seti nzima.

Baada ya hapo akaniblok.

Akikufuata mtu wa aina hii, mwambie akutajie kabla ya malipo tovuti tatu atakazoweka linki, uzifungue mwenyewe. Wangu nilimwuliza kwa kuchelewa, akajibu ni siri ya kazi.

Jana fundi kaniletea simu yake. Jamaa ana namba mpya, na kwenye status kaweka skrinshoti ya saluni fulani, "mteja wetu mwingine namba moja". Tuliivuta kwa vidole. Juu kabisa limeandikwa jina la saluni.